Steringi hafi? Bret Hart, mashabiki wake na saratani ya tezi dume

Tarehe 1 Februari 2016 Bret Hart, yule mwanamieleka Mkanada wa nguo za waridi na nyeusi, aliwaandikia mashabiki wake kwamba ana saratani ya tezi dume. Alikuwa na miaka 58. Hakuandika kama mgonjwa anayetoa taarifa, aliandika kama mtu aliyepewa kipaza sauti katikati ya ulingo. Kwa ufupi aliwaambia kwamba hili ndilo pambano la maisha yake, na kwamba hatakubali kushindwa. Mashabiki wakamjibu kwa lugha hiyohiyo. Umeangusha wakubwa kuliko huyu. Ifunge Sharpshooter, ile kabali yako ya miguu, mpaka isalimu amri.

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunalijua jibu hilo kwa maneno mawili: steringi hafi. Avunjiwe kiti mgongoni, atapakae damu uso mzima, banda lote linajua atainuka. Siku chache baada ya barua ile Bret alifanyiwa upasuaji, upasuaji ukafanikiwa, na Mei mwaka huohuo akaonekana akimsindikiza mpwa wake Natalya ulingoni, Rosemont, jirani na Chicago. Kwa mashabiki, hesabu ilikuwa imefungwa. Steringi hakufa.

Tangu hapo nimejiuliza mara nyingi kama jibu lile lilikuwa jema. Upendo uliomo ndani yake siutilii shaka hata kidogo. Wasiwasi wangu uko kwenye maneno, kwa sababu yanaupa sifa ukakamavu wa Bret kwa kazi iliyofanywa na madaktari, waliomkuta akiwa katika hatua ambayo kisu bado kinasaidia.

Kwanza niwatetee mashabiki. Hawakuokota maneno hayo hewani. Novemba 1997, mjini Montreal, Bret alinyang'anywa mkanda wa ubingwa kwa hila ya mwajiri wake mbele ya Wakanada wenzake. Mei 1999 mdogo wake Owen, naye mwanamieleka, alianguka kutoka juu ya ukumbi Kansas City, akiwa anateremshwa kwa kamba, akafa. Desemba mwaka huohuo teke la mpinzani wake Goldberg lilimtikisa Bret ubongo, na mwaka 2000 akastaafu. Mwaka 2002 alianguka kwa baiskeli Calgary, akapata kiharusi kilichompooza upande wa kushoto, akaanza upya kujifunza kutembea. Mwaka 2010 alirudi ulingoni kwa muda mfupi, jambo ambalo wachache walilitarajia. Mtu aliyeyafuatilia hayo yote kwa miaka ishirini, unataka amwandikie nini? Nafasi ya kupona kwa asilimia? Alimwandikia kile alichokishuhudia: wewe huwa unainuka.

Tena shabiki wa mieleka ana jeraha lake mwenyewe. Mchezo huu umemfundisha kutoamini. Mwaka 2007 kampuni ya mieleka ya WWE ilionyesha gari la bosi wake, Vince McMahon, likilipuka kana kwamba amekufa. Septemba 2012 mtangazaji Jerry Lawler alipata mshtuko wa moyo wa kweli, matangazo yakiendelea, Montreal hiyohiyo. Miezi miwili baadaye mshtuko huo uliigizwa mbele yake ili kuchochea ugomvi wa hadithi. Kwa hiyo mwanamieleka Roman Reigns aliposimama ulingoni Oktoba 2018 na kusema leukemia, saratani ya damu, imemrudia, walikuwepo waliouliza kwanza kama ni kweli. Ilikuwa kweli, na umati uliomzomea kwa miaka ukamshangilia huku ukilia. Kumwamini mtu haraka, katika mchezo wa namna hiyo, ni zawadi. Bret aliipata zawadi hiyo.

Lakini faida kubwa ya barua ile naiona kwingine. Waliosoma ni wanaume, wengi wao wa makamo, waliompenda mtu huyu tangu utotoni kwa sababu alikuwa ngangari. Halafu ngangari huyo anataja kiungo ambacho wanaume hawakitaji hata kwa wake zao. Tiba ya ugonjwa huu inaweza kumwacha mtu akishindwa kuzuia mkojo, au akipoteza nguvu za kiume, na hofu ya hayo mawili huwafunga watu midomo kuliko hofu ya kifo. Daktari anaweza kuzungumza mwaka mzima asisikilizwe. Akizungumza shujaa wa utotoni, hata kwa maneno ya ulingoni, mlango unafunguka. Pengine yalihitajika maneno ya ulingoni hasa, kwa maana ndiyo aliyoweza kuyasema bila kuona aibu.

Upande wa pili nao una uzito. Mtu maarufu akitangaza ugonjwa, wanaomfuata hutaka kupimwa, na kwa saratani ya tezi dume kupima si jambo jepesi kama linavyosikika. Mwaka 2014, miaka miwili tu kabla ya barua ya Bret, jopo la kitaifa la Kanada linaloshughulikia kinga ya magonjwa lilipendekeza kwamba wanaume wasio na dalili wasipimwe PSA, kile kipimo cha damu, kwa umri wowote. Jopo la Marekani lilikuwa limesema vivyo hivyo mwaka 2012. Mwaka 2018 likalegeza, likasema wenye miaka 55 hadi 69 waamue wenyewe baada ya kuzungumza na daktari. Watu hawa hawakuwa na roho mbaya. PSA hupanda pia kwa maambukizi au kwa tezi kutanuka kwa uzee. Hupanda hata kwa saratani inayotambaa polepole kiasi kwamba mwenye nayo atakufa kwa jambo jingine kabisa. Ukishaambiwa una saratani, ni wachache wanaoweza kulala nayo. Wengi watataka itolewe, na baada ya hapo ndipo yanapoanza yale madhara niliyoyataja.

Utafiti wa Uingereza uitwao ProtecT, ambao matokeo yake ya miaka kumi yalitoka mwaka huohuo wa 2016, uliwagawa wanaume 1,643 waliokutwa na saratani isiyosambaa: wengine upasuaji, wengine mionzi, wengine kufuatiliwa kwa karibu tu. Baada ya miaka 15, waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa takriban 3 kwa kila 100, na tofauti kati ya makundi matatu ilikuwa ndogo mno. Ukiusoma huo peke yake utasema barua ya Bret ilikuwa hatari. Usiusome peke yake. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliotoa matokeo ya miaka 23 mwaka 2025 ulionyesha kwamba kuwaalika wanaume kupima PSA kulipunguza vifo vya saratani hiyo kwa asilimia 13: kifo kimoja kiliepukwa kwa kila wanaume 456 walioalikwa, na kwa kila 12 zaidi waliokutwa na ugonjwa. Mmoja kati ya hao kumi na wawili ameokolewa. Kumi na mmoja wamebeba jina la saratani, na pengine kovu lake, bila kifo chao kuepushwa nalo. Sioni namba hapo inayomruhusu mtu yeyote kusema kwa sauti kubwa, si "kapimeni wote" wala "msipime".

Ndiyo maana lugha ya vita inanisumbua. Vitani hakuna kusubiri. Mwanaume aliyeambiwa na daktari wake kwamba saratani yake ni ya polepole, arudi baada ya miezi sita kupimwa tena, hana nafasi katika hadithi ya Sharpshooter. Ataonekana mwoga kwa watu wake, na kwa nafsi yake. Kumbe huenda ndiye aliyechagua vizuri kuliko wote.

Na kuna jambo gumu zaidi. Bret alizaliwa katika familia ya watoto 12, na kifungua mimba alikuwa Smith Hart, naye mwanamieleka. Smith alipata saratani hiyohiyo ya tezi dume. Alifariki tarehe 2 Julai 2017, akiwa na miaka 68, siku ambayo mdogo wake Bret alikuwa anatimiza miaka 60.

Baba yao mmoja, na mafunzo yao ya mieleka yalitoka chumba kilekile cha chini ya nyumba Calgary, ambako mzee Stu Hart aliwafundisha wanaume mieleka mpaka wakalia. Kama aliyepona alishinda kwa moyo wa chuma, tuseme nini juu ya Smith? Kwamba moyo wake ulikuwa laini? Hakuna shabiki mwenye utu atakayesema hivyo. Lakini maneno tuliyomwandikia Bret yanasema hivyo bila sisi kutaka, na wafiwa wote wanaosoma "alipambana akashinda" wanayasikia.

Ndugu hao wawili walikuwa wakituambia jambo ambalo mashabiki wengi walilipita. Wapo waliokimbilia kunong'ona kuhusu madawa ya kutunisha misuli, kwa kuwa kizazi kile cha wanamieleka kiliyatumia sana. Jibu lililo wazi zaidi lilikuwa mezani: ugonjwa huu hutembea katika damu ya ukoo. Mwanaume ambaye baba yake au ndugu yake wa tumbo moja ameupata, hatari yake inapanda, na ndiyo sababu Chama cha Saratani cha Marekani kinashauri wale ambao ndugu huyo aliugua kabla ya miaka 65, pamoja na Wamarekani weusi, waanze mazungumzo na daktari wakiwa na miaka 45 badala ya 50. Na wenye ndugu wa karibu zaidi ya mmoja waliougua mapema, miaka 40.

Hapo nalazimika kurudi nyumbani, maana mizani ya Kanada si mizani yetu. Saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza kwa wanaume Tanzania na Kenya. Huko Calgary wana hofu ya kugundua mno. Kipimo kiko karibu: kliniki iliyo ndani ya gari huwafuata wanaume waliko kuwapima damu. Huku kwetu mzee anakuja hospitali na maumivu ya mgongo aliyoyatuliza kwa vidonge vya dukani miaka miwili, na saratani imeshaingia mifupani. Kumwambia mtu huyo kuhusu hatari ya kupima kupita kiasi ni kumsomea barua isiyo yake. Hata hivyo, nasita kuhubiri "pimeni" kwa mtu ambaye akikutwa na tatizo atahitaji safari, kukatwa kinyama cha kupimwa, mionzi na fedha asizokuwa nazo. Kipimo kisicho na njia mbele yake ni mzigo.

Na sisi nasi tuna maneno yetu yanayoua. Tunasema "mzee fulani ana tezi dume", kana kwamba tezi dume ni ugonjwa. Kila mwanaume anayo. Inaweza kutanuka kwa umri bila saratani, inaweza kuwa na saratani bila kutanuka. Halafu mazungumzo yakianza tu, mtu anataja kidole ambacho daktari huingiza nyuma kuipapasa tezi, kicheko kinapasuka, na aliyetaka kuuliza swali la kweli ananyamaza. Kipimo kwa kawaida huanza na damu ya mkononi, na hicho cha kidole kikihitajika hakimalizi hata dakika. Nimekaa kwenye vijiwe nikaona kicheko hicho kikimaliza mazungumzo ambayo yangeweza kumsaidia mtu aliyekaa pale pale.

Kwa hiyo nikiulizwa kama Bret alikosea kuandika alivyoandika, nasema hapana. Mgonjwa ana haki ya kuchagua maneno yatakayomvusha, na hayo ndiyo yalikuwa yake. Ningetamani tu mashabiki wangemuuliza zaidi. Ulijuaje? Nani mwingine kwenu ameugua? Daktari alikupa njia zipi kabla ya kisu?

Agosti 1992, Uwanja wa Wembley, London, Bret alipambana na shemeji yake Davey Boy Smith, na wapo mashabiki wanaosema hakuwahi kucheza vizuri kuliko usiku ule. Alishindwa. Baada ya kushindwa walikumbatiana katikati ya ulingo. Mtoto aliyekuwa na miaka 12 siku hiyo, aliyelia kwenye banda au sebuleni kwa jirani kanda ilipofika, leo amevuka miaka 40. Baba yake kama yu hai ni mzee, na yawezekana usiku anaamka mara nne kwenda kukojoa na hajamwambia mtu.