Asilimia 10 ya huduma inaishia mfukoni mwa nani?

Faktire ya restora mjini Lubumbashi ikija na mstari wa "huduma 10%" chini ya TVA, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya 16%, mabishano huanzia hapo. Mteja aliyekwisha kutenga matabishi, yaani bakshishi, anajiona ametozwa mara mbili.

Tuanze na hesabu. Chakula cha dola 40, huduma 4, TVA juu ya vyote 7.04: unalipa 51.04. Restora ikitanguliza TVA kisha ikatoza huduma juu yake, jumla ni ileile, ila senti 64 zimehama kutoka fungu la serikali kwenda la restora. Mlaji hawezi kuzisikia mfukoni.

Wanaoitetea ada hii wana hoja nzito. Matabishi ya mkononi humfikia aliyebeba sahani. Aliyesonga bukari na anayesugua masufuria hawapati kitu. Fedha ya pamoja inaweza kugawiwa kwa pointi, tuseme 3 kwa mpishi, 3 kwa mhudumu, 2 kwa muosha vyombo. Ufaransa huduma imo ndani ya bei iliyoandikwa kwenye menyu, kwa hiyo hakuna anayeshtuka mwishoni.

Kasoro ni kwamba ada haijigawi yenyewe. Uingereza ililazimika kutunga sheria, iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2024, ili waajiri wawape wafanyakazi matabishi na ada ya huduma bila kuyakata. Basi pasipo na daftari la mgao, kwa maoni yangu hiyo 10% ni nyongeza ya bei tu, na bosi angeiandika hivyo.

Muulize mhudumu kabla ya kuagiza, bosi akiwa mbali: "Hii huduma inawafikia?" Ikiwa inawafikia, hudaiwi zaidi. Kama haikuandikwa kwenye menyu, omba iondolewe, lakini uombe kwenye kasa; mhudumu hakuipanga. Isipokuwepo kabisa, asilimia 5 hadi 10 inatosha, tena kwa franka, maana noti ya dola iliyochanika kidogo tu itamsumbua sokoni.

Na wanaogombania huduma mara nyingi hawaangalii chenji. Ukilipa dola ukarudishiwa franka kwa kiwango cha restora yenyewe kilicho chini ya cha wabadilisha fedha wa barabarani kwa franka 100, chenji ya dola 9 imekupunguzia franka 900, na hakuna mstari wowote wa faktire unaozitaja.