Kisigino cha mkimbiaji wa miaka sitini: apumzike au aendelee?

Mkimbiaji wa miaka sitini akienda hospitali na kisigino kinachouma, mara nyingi hurudi na dawa ya maumivu na agizo la kupumzika wiki sita. Wenzake wa jogingi humwambia kinyume: ukikaa utaganda, jikaze. Kila upande una hoja yake. Kosa lao ni moja, wote hushauri kabla ya kuuliza kinachouma ni nini hasa.

Mara nyingi ni kimoja kati ya vitatu. Kuna ukanda mgumu wa unyayo unaotoka kwenye mfupa wa kisigino hadi vidoleni; huu huchoma hatua za kwanza asubuhi, hulegea ukishatembea kidogo, kisha hurudi ukikaa na kuinuka tena. Kuna ukano mnene wa nyuma ya kisigino, ambao hukakamaa asubuhi na huuma ukiuminya kwa vidole sentimita 2 hadi 6 juu ya mfupa. Na kuna ufa wa mfupa. Ufa huzidi kuuma kadiri unavyokanyaga, huweza kuuma hata usiku umelala, na ukibonyeza kwa ncha ya kidole unaipata sehemu yenyewe. Kisigino kibane kwa viganja pande zote mbili: maumivu makali hapo yanaelekeza kwenye mfupa. Eksirei ya wiki mbili za mwanzo huweza kutoka safi na ufa upo, kwa hiyo picha safi isichukuliwe kuwa ruhusa ya kukimbia.

Kwa mfupa, wanaosema pumzika wana haki yote. Ufa wa kawaida wa mguu huhitaji wiki 6 hadi 8 bila mshindo, na mwanamke aliyekoma hedhi au mtu aliyetumia dawa za steroidi muda mrefu asitegemee kuwahi zaidi. Ufa ulio juu ya upinde wa mguu, au kwenye kitako cha mfupa wa kidole cha mwisho, hupona kwa shida kwa sababu damu inayofika hapo ni kidogo. Huo ni wa magongo na daktari wa mifupa. Mwenye kisukari ambaye miguu imeanza kufa ganzi naye asipime kwa maumivu. Mguu uliovimba na kuwa wa moto, hata kama hauumi, ni wa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Kwa ukanda na ukano mambo hubadilika. Mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, vijana watano walilazwa kitandani wiki tatu. Walipopimwa tena miaka 30 baadaye, uwezo wa mwili kutumia oksijeni ulikuwa umeshuka kidogo kuliko ulivyoshuka katika zile wiki tatu. Utafiti mwingine, wa 2007, ulilaza watu wazima wenye afya, wastani wa umri miaka 67, kwa siku 10, nao wakapoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Ni kweli mwenye kisigino kibovu halali kitandani kutwa, lakini mzee aliyeacha mbio na asiweke kitu kingine badala yake anateremka mlima huohuo, polepole tu.

Mwaka 2007 pia, watafiti wa Sweden waligawa watu 38 wenye maumivu ya ukano wa kisigino. Kundi moja liliacha kukimbia na kuruka kwa wiki sita, jingine likaendelea kwa sharti kwamba maumivu yasipite 5 kati ya 10. Wote walifanya mazoezi ya kuimarisha ukano. Baada ya mwaka mmoja hali zao hazikupishana. Watetezi wa kukimbia hupenda kuutaja utafiti huu, lakini tuusome sawasawa: haukuonyesha kwamba mbio zinaponya. Ulionyesha kwamba mbio zilizopimwa hazizuii kupona, mradi mazoezi yafanyike.

Mazoezi yenyewe ndiyo wengi huyaacha. Kwa ukanda wa unyayo, utaratibu uliojaribiwa Denmark na kuchapishwa 2014 ni huu. Simama kwa mguu mmoja ukingoni mwa ngazi, taulo iliyokunjwa ikiwa chini ya vidole ili vielekee juu, mkono mmoja ukutani. Inua kisigino kwa sekunde 3, tulia juu sekunde 2, kishushe kwa sekunde 3. Fanya kila baada ya siku moja, mara 12 kwa seti 3, kwa uzito unaokufanya ushindwe mara ya 13. Baada ya wiki mbili ongeza uzito, mara 10 kwa seti 4. Baada ya wiki mbili nyingine, mara 8 kwa seti 5. Begi la mgongoni lenye mfuko wa mchele linatosha. Usiyeweza kwa mguu mmoja, anza kwa miwili. Kosa la kawaida ni haraka: mtu anarusha kisigino juu na chini mara 50, anatoka jasho, lakini ukanda haujabebeshwa uzito wa kuuimarisha.

Moyo nao utunzwe. Kwenye baiskeli, weka pedali katikati ya unyayo, si chini ya vidole. Kutembea ndani ya maji ya kifuani hupunguza zaidi ya nusu ya uzito unaokanyagwa. Kukimbia kwenye kina kwa mkanda wa kuelea huondoa mshindo kabisa, ila mapigo ya moyo majini huwa chini kwa kama 10, usiyafukuze. Dakika 40 za mbio zibadilishe na dakika 40 za haya.

Nyumbani ndiko kazi inakoharibikia. Sakafu ya saruji miguu mitupu, ndala zilizolala bapa, mchanga tifutifu wa ufukweni: vyote huurudisha ukanda nyuma. Raba ziwe chini ya kitanda, zivaliwe kabla ya hatua ya kwanza. Kwa Waislamu, sijda na kikao cha tahiyatu hukunja vidole na kuuvuta ukanda huohuo. Anayeumia alaze mguu au akae kitini, mgonjwa ameruhusiwa kuswali kadiri awezavyo. Diklofenaki, dawa ya maumivu, ikimezwa kabla ya kukimbia huficha kipimo chako na kuumiza figo. Siprofloksasini, antibiotiki ambayo watu huinunua dukani kwa ajili ya tumbo au mkojo, huongeza hatari ya ukano kukatika, hasa baada ya miaka 60. Mwambie daktari kwamba unakimbia kabla hajaiandika.

Hoja ya wanaosema pumzika inayonigusa zaidi ni hii: kipimo cha 5 kati ya 10 kinategemea ukweli, na mkimbiaji aliyekaa barabarani miaka thelathini amezoea kuita 7 kuwa 4. Kwa hiyo kisigino kipimwe asubuhi inayofuata, hatua ya kwanza, na namba iandikwe daftarini. Ikipanda siku mbili mfululizo, mbio zisimame na mazoezi ya ngazi yaendelee kwa uzito mdogo.

Kurudi kunaanza pale unapotembea haraka dakika 30 bila kuumia kesho yake, na kuinua kisigino cha mguu mmoja mara 15. Kimbia dakika 1, tembea 2, mara 8, siku tatu kwa wiki, barabara tambarare. Vilima viwe vya mwisho, maana kupanda huvuta kigimbi na unyayo kwa pamoja. Anayelenga mbio za Kilimanjaro pale Moshi mwezi Februari, na Desemba bado yuko kwenye dakika moja moja, mlima wa Mweka ulio kwenye njia ya mbio hizo ausubirishe mwaka mmoja na ajiandikishe kilomita 5.