Waya wa mlalo juu ya mwembe

Anayeanza redio ya ridhaa Tabora, yaani kuwasiliana kwa redio kama burudani, akishapata leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, haichukui muda kuambiwa kwamba antena ya wima ndiyo ya masafa marefu, na waya wa mlalo ni wa kuongea na jirani. Hoja hiyo ina msingi. Antena ya wima hurusha mawimbi karibu na upeo wa macho, na hayo ndiyo yanayofika mbali kwa mdundo mmoja wa ionosfea, tabaka la juu angani linalorudisha mawimbi chini. Kwa megahezi 14 inataka bomba la mita 5 tu. Mwenye kiwanja kidogo Ujiji nisingemkataza.

Ila sifa zote hizo zinategemea ardhi njema. Bomba hilo, lenye urefu wa robo ya wimbi, lina ukinzani wa mnururisho, ule unaogeuza umeme kuwa mawimbi, wa omu 36 hivi. Ardhi ikila omu 36 nyingine, basi katika wati 100 ulizozigharamia, 50 zinapasha udongo joto. Na udongo wa Tabora mwezi wa Septemba mnaujua. Dawa ni kutandaza nyaya chini ya bomba, 16 au zaidi, za mita 5 kila moja. Hapo ule uwanja uliookolewa umeshaliwa, na jembe halina adabu kwa shaba. Wa Kigoma husema ziwa litawafanyia kazi hiyo. Hapana: sifa ile ni ya bahari, kwa sababu ya chumvi. Tanganyika ni maji baridi.

Waya wa mlalo, mita 5 kila upande na kebo katikati, hauhitaji ardhi ukamilishe saketi. Wanaoudharau wengi waliufunga juu ya bati, mita 3 kutoka chini, na hapo kweli mawimbi mengi hupanda juu moja kwa moja badala ya kwenda mbali. Upandishe mita 10, yaani nusu ya wimbi kwa megahezi 14, nguvu nyingi itaelekea nyuzi 30 hivi juu ya upeo wa macho. Tabora mlingoti wa mita 10 haununuliwi, miembe ipo. Ukivutwa mashariki-magharibi unatazama kwa ubavu Ulaya na Afrika Kusini. Brazil na Indonesia zitafifia, sikatai. Tena hunasa kelele kidogo za inveta na taa za bei nafuu za jirani kuliko bomba la wima.

Kwenye megahezi 7 mambo yanageuka. Nusu ya wimbi ni mita 20 na zaidi, na mwembe wa kufika huko ni nadra. Hapo nami ningesimamisha bomba, na kuzika nyaya zake.