Bangi ihalalishwe, sawa, lakini nani atauliza kitambulisho?

Kila mjadala wa bangi ukirudi hapa Kenya watu wanagawanyika saa hiyo hiyo, hawa wanasema ni mmea wa Mungu na wale wanasema ni ya kupoteza watoto, na mimi nikisikiza naona kila upande uko na ukweli wake ila hawataki kusikia wa wenzao.

Nianze na wanaotaka ihalalishwe. Marehemu Ken Okoth akiwa mbunge wa Kibra alimwandikia spika 2018 akitaka kuleta mswada, na watu walishika tu hiyo ya kuvuta wakasahau kwamba alitaka pia wenye walishafungwa juu ya bangi rekodi zao zifutwe. Kwangu hapo ndio kuna uzito. Kijana wa mtaani akishikwa na rolo moja (msokoto wa bangi), ama atoe kitu kidogo aachiliwe ama apelekwe kotini, na mwenye pesa huwezi kumpata huko kotini hata siku moja. Asiye nayo anatoka na rekodi, alafu siku anatafuta cheti cha tabia njema cha DCI (polisi wa upelelezi) juu amepata kazi ya usekyuriti ama anataka kwenda Qatar, jina linatokea. Ameshikwa akiwa na miaka 19 na bado anahangaika akiwa na 30. Na bangi yenyewe haijapungua, NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na mihadarati, kwenye utafiti wao wa 2022 walipata zaidi ya watu laki tano wa miaka 15 hadi 65 wanatumia, na sheria ya kuipiga marufuku iko tangu 1994 (na hata kabla ya hapo ilikuwa marufuku, tangu wakoloni).

Sasa upande ule mwingine, na hapa wapenzi wa bangi huwa wanaharakisha sana. Ubongo wa binadamu unaendelea kujengeka mpaka karibu miaka 25, na THC, ile kemikali ya kulewesha, inaingia kwa hiyo kazi ikiwa katikati. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba karibu mtu mmoja kwa kumi wanaovuta anashindwa kuacha, lakini akianza akiwa tineja inakuwa mmoja kwa sita hivi. Wale wa kuvuta kila siku, haswa kitu kikali, hatari ya kuchanganyikiwa akili inapanda, kusikia sauti, kuona watu wanamfuata. Ni kweli wanasayansi bado wanabishana kama bangi ndio imeleta ugonjwa ama mwenye alikuwa anaumwa ndio alikimbilia bangi ajitulize, na huo ubishi ni wa haki, lakini mzazi ako na mtoto wa form two mwenye ameacha kuongea na watu hawezi kungoja wamalize. Alafu siku hizi si lazima moshi, kuna kuki na mabuyu zimetiwa bangi, mtoto anakula darasani na mwalimu hajui.

Wengi hupenda kutupeleka Kanada, ati huko walihalalisha 2018 na dunia haikuisha. Kweli haikuisha, na tafiti nyingi hazikuona wanafunzi wakiongezeka kuvuta vile watu waliogopa, ingawa watoto wadogo waliokula peremende za bangi za wazazi na kupelekwa hospitali waliongezeka. Lakini angalia vile walifanya: duka lina leseni, kitambulisho kinaangaliwa, Quebec wakaona miaka 18 ni michache wakapandisha hadi 21. Sisi tuko na sheria ya pombe ya 2010, ile watu huita ya Mututho, inasema chini ya 18 usiuziwe. Nenda wainzi yoyote (duka la pombe) mtaani Jumamosi uone vile inafuatwa. Kama chupa ya pombe tumeshindwa kuizuia isifike kwa mtoto, duka la bangi tutaliweza aje?

Thailand ndio mfano unaotufaa kuliko Kanada. Waliitoa kwa orodha ya mihadarati Juni 2022 bila kumaliza kuandika sheria ya kuisimamia, maduka yakaota kila kona, na kufika Juni 2025 serikali ikageuka ikasema ni ya cheti cha daktari tu.

Kuna pia hii ya pesa. Wajackoyah akigombea urais 2022 alituambia bangi italipa deni la nchi (pamoja na makende ya fisi, tusisahau), akapata kura 61,969. Lesotho walianza kutoa leseni za bangi ya dawa 2017, na kwa sababu leseni ni ghali walioingia ni kampuni zenye mtaji kutoka nje, mkulima wa milimani aliyeilima miaka yote akabaki palepale. Kwa hivyo mtu akiniambia kijana wa Migori atatajirika nayo namuuliza leseni atanunua na nini.

Msimamo wangu ni katikati na najua pande zote watanitukana. Rolo moja ama mbili za mtu mzima zisiwe kesi ya jinai, iwe faini kama ya kuvuta sigara mahali pa watu, bila rekodi kwa DCI. Kuuzia mtoto iendelee kuwa jela. Maduka bado, kwanza tuone hiyo ya 18 ikifanya kazi kwa wainzi. Na pesa ya kuzungusha karao (polisi) usiku wakisaka misokoto iende kwa matibabu, kwa sababu saa hii ukiwa na kijana ameshindwa kuacha, rihabu nyingi ni za kibinafsi na bei yao mama mboga hawezi.