Uingereza Nayo Iliwahi Kubisha Hodi IMF

Sisi Wakenya tulioko Uingereza tukianza kuzungumzia kodi za nyumbani, lawama zote huishia kwa IMF, yaani Shirika la Fedha la Kimataifa. Tunasahau kwamba mwaka 1976 serikali ya hukuhuku, chini ya James Callaghan, iliomba IMF dola bilioni 3.9, mkopo mkubwa kuliko wowote shirika hilo lilikuwa limewahi kuombwa. Pauni ilikuwa inaporomoka. Masharti yalikuwa yaleyale: punguzeni matumizi ya serikali. Waziri wa Fedha Denis Healey akapunguza, chama chake kikanung'unika, na nchi ikaishia kuchukua kama nusu tu ya fedha hizo.

Tangu hapo Uingereza haijarudi, na si kwa sababu ya nidhamu. Septemba 2022 bajeti ndogo ya Waziri wa Fedha wa wakati huo, Kwasi Kwarteng, iliangusha bei ya hati fungani za serikali, yaani hati za mikopo yake, hadi mifuko ya pensheni ikayumba. IMF ilikosoa hadharani, basi. Benki Kuu ya Uingereza ikaingia sokoni na kununua hati za pauni bilioni 19.3. Deni ni la pauni, na pauni inatengenezwa na benki hiyohiyo.

Nairobi haitengenezi dola. Eurobondi ya 2014, hati ya mkopo wa dola ambayo Kenya iliuza kwa wawekezaji wa nje, ilidai dola bilioni 2 ifikapo Juni 2024, na hofu kwamba Kenya itashindwa ikaisukuma shilingi kupita 160 kwa dola Januari mwaka huo. Piga hesabu: kwa 130, deni hilo ni shilingi bilioni 260, kwa 160 ni bilioni 320. Bilioni 60 zimeongezeka bila mtu kukopa hata senti. Januari hiyo IMF iliongeza mkopo wake, Februari Kenya ikauza Eurobondi mpya ya dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75, ikanunua sehemu kubwa ya ile ya zamani, na shilingi ikapanda. Ghali, lakini hapo IMF ilifanya kazi yake.

Shida iko kwenye mikupuo, yaani mafungu ambayo mkopo hutolewa kidogokidogo. Mpango wa IMF kwa Kenya wa Aprili 2021, takriban dola bilioni 2.34, haukutolewa kwa mara moja. Kila baada ya miezi kadhaa wataalamu hukagua nakisi ya bajeti, akiba ya fedha za kigeni na makusanyo ya kodi. Lengo likikosekana, mkupuo unaweza kukwama, na wakopeshaji wengine nao wanasita. Kwa hiyo Hazina hutafuta kodi ya haraka, na hakuna ya haraka kama ya mafuta: inakusanywa kwa kampuni chache, kisha inajipenyeza kwenye nauli ya matatu na bei ya unga. Ndiyo maana VAT ya mafuta ilitoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka shilingi bilioni 346 zaidi. Ukaondolewa baada ya vijana kuuawa kwenye maandamano. Machi 2025 tathmini ya tisa ya mpango huo ikaachwa kabisa.

IMF hutaka shimo lizibwe. Nani abebe koleo, hilo Hazina ina nafasi kubwa ya kuamua, na lawama hiyo tusiihamishie Washington, makao makuu ya IMF.

Washington ina yake. Mwaka 2021 IMF iligawa SDR, akiba yake ya kimataifa, zenye thamani ya dola bilioni 650, kwa kufuata hisa za kila nchi ndani ya shirika hilo. Uingereza ilipata SDR bilioni 19.3, Kenya milioni 520. Ningeanzia kelele hapo.