Pesa tunazotuma nyumbani hazina barua

Ninaishi Vancouver, na ukoo nilioolewa asili yake ni Kaiping, mkoa wa Guangdong, kusini mwa China. Mwaka huu tulisafiri na watoto pamoja na baba mkwe kwenda kukiona kijiji alikotoka babu yake yeye baba mkwe. Tulichagua majira ya Qingming, mwanzoni mwa Aprili, Wachina wanapofyeka na kusafisha makaburi ya wazee wao. Tangu turudi nina jambo linalonikera, na nalisema kwa Watanzania wenzangu tulioko nje: tunatuma pesa nyumbani kila mwezi lakini hatuandiki chochote, na wajukuu wetu watakaotaka kutujua watakuta patupu.

Kijiji tulikipata kwa sababu kuna watu waliandika. Wa kwanza, ajabu yake, ni serikali iliyokuwa haimtaki mzee huyo, babu yake baba mkwe. Reli ya Canadian Pacific ilipokamilika mwaka 1885, baada ya maelfu ya Wachina kufanya kazi ngumu kuliko zote na wengi kufia milimani, Kanada ilianza kumtoza kila Mchina anayeingia kodi ya kichwa ya dola 50. Kufikia 1903 ilikuwa dola 500, ujira wa kama miaka miwili wa kibarua. Mzee wetu aliilipa. Mwaka 1923 mlango ukafungwa kabisa, usifunguliwe hadi 1947, na mke wake akabaki Kaiping akilea mtoto ambaye baba yake hamjui kwa sura. Serikali iliomba radhi mwaka 2006, yeye alikwisha kufa zamani. Lakini daftari la kodi ile lipo kwenye hifadhi ya nyaraka, na ndani yake kuna jina la kijiji, limeandikwa kwa herufi za Kiingereza kama karani alivyolisikia. Jiwe la kaburi lake hapa Vancouver lina jina lilelile kwa Kichina. Baba mkwe aliyaweka majina hayo mawili pamoja, tukapata pa kuanzia.

Kaiping yenyewe ni mashamba ya mpunga, mabwawa ya samaki, mianzi, na katikati yake minara ya zege yenye ghorofa nne, tano, hata zaidi. Inaitwa diaolou. Mingi ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa pesa za watu waliokuwa Kanada, Marekani na Australia, na saruji yenyewe ilikuja kwa meli. Chini kuta ni nene na madirisha madogo yenye vyuma, kwa sababu majambazi walijua fika ni kaya zipi zina mtu ng'ambo. Juu kuna nguzo na matao ya Kizungu, ili kila apitaye ajue mwenye nyumba amefika wapi. Imebaki zaidi ya 1,800, na tangu 2007 baadhi ya vijiji vyake vimo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Mingi imefungwa na haikai mtu. Mimi ni mtu wa Marangu, Kilimanjaro, na sikuhitaji kuelezwa. Kwetu nako kuna majumba ya ghorofa yaliyozungukwa na migomba, geti limefungwa mwaka mzima, taa zinawaka Desemba tu wenye nyumba wanapopanda kula Krismasi.

Tofauti ni kwamba pesa za Kaiping zilifika na barua. Aliyetuma fedha aliandika na maneno: hii ni ya ada ya mtoto, hii mpe mama, hii lipa deni la fulani, mimi nafanya kazi ya kufua nguo, baridi ni kali. Barua hizo za fedha, pamoja na za sehemu nyingine za Guangdong na Fujian, zilizo takriban 160,000, ziliingizwa mwaka 2013 katika Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO. Ni barua za vibarua, wengine hata kusoma hawakujua, wakalipa mtu awaandikie. Sisi tuliosoma mpaka vyuo vikuu tunatuma kwa simu, ujumbe wa muamala unaingia, mama anajibu "Mungu akubariki mwanangu", na simu ikiharibika vyote vimekwenda.

Kijijini mzee mmoja wa ukoo alitufungulia kitabu cha nasaba. Alishuka na kidole kizazi hadi kizazi mpaka akafika. Jina la mzee wetu lilikuwapo, na pembeni imeandikwa kwamba alikwenda ng'ambo. Watu wale hawakumwona tena maisha yao yote, ila nafasi yake hawakuifuta. Baba mkwe, ambaye tangu nimjue sijamwona akitoa chozi, alilia mbele ya wajukuu wake.

Lakini sisifu kila kitu. Wake wameandikwa kwa jina la ukoo wa baba zao tu, na mabinti wa zamani hawamo kabisa. Yule mama aliyelima na kulea peke yake wakati mume yuko nje hana jina lake mwenyewe humo. Binti yangu aliuliza yeye ataandikwa wapi. Mzee akasema vitabu vipya huandika na wasichana, nami nilishukuru, kwa sababu natoka mahali ambapo kihamba, yaani shamba la ukoo lenye makazi, hurithiwa na mtoto wa kiume na mabinti twaambiwa tutaenda kwa watu. Tukianza kuandika ya kwetu, tusianze na kosa hilo.

Najua nitakachojibiwa: nyumbani hatuhitaji karatasi, makaburi yapo kihambani, mtoto yeyote atakuonyesha babu amelala wapi. Ilikuwa hivyo nilipokuwa mdogo, na ndiyo raha ninayoikosa zaidi huku, ambako mtu huzikwa kwenye makaburi ya jiji kati ya watu asiowajua. Zamani Wachina wa Kanada walifukua mifupa ya wenzao baada ya miaka saba na kuirudisha kwao kwa meli, mpaka vita vya 1937 vilipokatiza safari hizo. Sisi huchangishana kusafirisha miili, na sijawahi kuona mchango wa namna hiyo ukikosa watu. Tunajali mno mwili ufike. Ila vijana wa Marangu sasa wako Dar na Arusha, wazee wanaondoka mmoja mmoja, na wanangu hawatakuwa na daftari la kodi la kuwasaidia.

Kwa hiyo kila ninapotuma pesa sasa, naandika na ukurasa mmoja kwa mkono, napiga picha namtumia kaka, naye anachapisha na kuweka kwenye jalada. Yeye kwa upande wake anaandika anayoambiwa na shangazi: nani kazikwa wapi, bibi yupi alitoka Kilema, mpaka wa kihamba unapita kwenye masale yapi, ile mimea tunayopanda mipakani. Shangazi ameshataja mabibi wa vizazi vinne kwa majina yao. Kwa wa tano anasema tumuulize mzee mmoja wa Mamba, na nimemsihi kaka aende huko mwezi huu huu.