35% kwa matajiri sawa, ila tajiri mwenyewe hana slipu ya mshahara

Kila mwezi wa sita bajeti ikisomwa Dodoma hii hoja inarudi, kwamba matajiri waongezewe kodi ya mapato ili na sisi wa kawaida tupumue, watu wanagawana pande mbili wanarushiana maneno wiki nzima, bajeti inapita, tunasahau. Safari hii nikasema ngoja nikae na kalkuleta kwanza kabla sijachagua upande.

Tuanze na hapa Tanzania Bara. Kwenye mshahara wa mwezi, ukishatolewa mchango wako wa hifadhi ya jamii (NSSF au PSSSF), 270,000 ya kwanza haiguswi, kutoka hapo mpaka 520,000 unakatwa 8%, mpaka 760,000 ni 20%, mpaka milioni moja ni 25%, na chochote kinachozidi milioni ni 30%. Basi, ngazi imeishia hapo. Milioni moja ni kama dola 400 hivi. Maana yake mtumishi aliyesota miaka 15 kazini akagusa milioni 1.2, ile shilingi yake ya juu kabisa inakatwa sawasawa na shilingi ya juu ya mkurugenzi anayevuta milioni 40. Hapo ndipo watu wanapopandisha hasira, na kiukweli siwalaumu.

Majirani zetu walishaongeza ngazi. Kenya tangu Julai 2023 kinachozidi shilingi zao 500,000 kwa mwezi kinakatwa 32.5%, na kinachozidi 800,000 ni 35%. Uganda walitangulia kabisa, toka 2012 ukivuka milioni 10 zao kwa mwezi unaongezewa 10% juu ya ile 30%, yaani 40%. Kwa hiyo wanaosema ukipandisha juu ya 30% uchumi utaanguka kesho yake asubuhi inabidi watueleze mbona Kampala bado ipo.

Halafu kuna hili la nani anayebeba mzigo kwa ujumla, maana PAYE, hii kodi inayokatwa kwenye mshahara, siyo kodi peke yake. Mtu wa laki tatu mshahara wake wote unaishia dukani, kwa hiyo kila anachogusa chenye VAT ya 18%, sabuni, soda, vocha, anaacha kitu serikalini, wakati bosi sehemu kubwa ya hela yake haiendi hata dukani, inaenda kwenye viwanja na hatifungani. Na wote tunakumbuka tozo za miamala za Julai 2021, zilianzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala mmoja, mama anatumiwa hela ya dawa kijijini inakatwa na haijulikani amekosa nini. Serikali ikibanwa ndiyo inaenda hukohuko kwenye wengi, kwa sababu wengi hawana mwanasheria wa kodi. Hii kwangu ndiyo hoja nzito zaidi ya wanaotaka ngazi mpya, nzito kuliko ile ya "haki" ambayo kila mtu anaitafsiri anavyotaka.

Sasa upande wa pili, na hapa wengi huwa tunaruka hesabu makusudi.

Yule mwenye milioni 1.2 (tuseme ndiyo inayotozwa kodi) anakatwa 188,000, ukigawanya ni kama 16% ya hela yake. Yule wa milioni 40 anakatwa 11,828,000, karibu 30%. Anamzidi mwenzake kipato mara 33 lakini kodi anamzidi mara 63. Kwa hiyo ukisema "wanalipa sawa" unakosea, hawalipi sawa hata kidogo, kinacholingana ni ile ngazi ya mwisho tu. Rafiki yangu mmoja meneja aliwahi kunionesha slipu yake akanambia "kaka hii kodi peke yake inalipa walimu wangapi?", nikacheka lakini sikuwa na jibu.

Kuna na suala la nani anailipa kiukweli. Hawa mabosi wakubwa na wataalamu kutoka nje wengi wanajadili mshahara wa mkononi, anasema mimi nataka milioni 20 mkononi, mambo ya TRA (mamlaka ya mapato) mtajuana wenyewe. Ukipandisha kodi yeye hapungukiwi na kitu, kampuni ndiyo inaongeza juu, na kampuni hiyohiyo tayari inalipa SDL (tozo ya kuendeleza ufundi stadi) 3.5% na mchango wake wa hifadhi ya jamii. Mwisho wa siku hesabu inafanyika, nafasi mbili za vijana zinafutwa, au ile ofisi ya kanda inahamia Dubai ambako mshahara haukatwi kodi ya mapato kabisa. Sikatai kwamba vitisho vya kuhama huwa vinapigiwa chumvi sana. Ufaransa walipoweka ile 75% kwa mishahara ya zaidi ya euro milioni moja mwaka 2013, mwigizaji wao Depardieu alichukua paspoti ya Urusi dunia nzima ikaongea, na 2015 kodi yenyewe ikawa haipo tena, lakini mwenye maduka Kariakoo hawezi kubeba Kariakoo akaenda nayo Urusi. Anayehama ni mtaalamu. Mwenye mali anabaki palepale, ila karatasi zake ndiyo zinasafiri.

Na hapo ndipo ninapogombana na pande zote mbili, kwa sababu wote wanabishana kuhusu PAYE wakati tajiri mwenyewe hana slipu ya mshahara. Milioni 40 kwa mwezi ni mwajiriwa bado, ana bosi, anaweza kuachishwa ijumaa. Mwenye kampuni anajilipa kamshahara kadogo kwa heshima, kinachomtajirisha ni faida na gawio na ardhi.

Twende taratibu. Kampuni ikipata faida ya milioni 100 inalipa 30%, zinabaki 70. Akijigawia zote anakatwa kodi ya zuio 10%, au 5% kama kampuni imeorodheshwa Soko la Hisa Dar es Salaam, kwa ile 10% anabaki na 63. Jumla serikali imechukua 37. Kwa hiyo mwenye kampuni akilipa vizuri tayari anazidi hata hiyo 35% ya Kenya, na hili watetezi wa matajiri wanalisema na wako sahihi kabisa. Ila lote limesimama juu ya neno moja, kwamba hiyo faida imeonekana kwenye vitabu. Gari la familia limeandikwa la kampuni, mafuta ya kampuni, ada ya mtoto imeingia kama gharama fulani yenye jina refu, safari ya Uturuki ilikuwa ya "kutafuta bidhaa". Sheria hairuhusu matumizi binafsi yaingie humo, lakini nenda kathibitishe. Na faida ambayo haijagawiwa, kwa miaka mingi mpaka 2025 haikukatwa ile 10%, ilibaki kwenye kampuni ikanunua kiwanja Kigamboni, kiwanja kinapanda bei miaka kumi bila kutozwa ongezeko lake mpaka siku ya kuuza, na hauzi! Anakiweka rehani benki anachukua mkopo anaishi nao, na mkopo siyo mapato.

Nyumba za kupangisha pia, sheria inataka 10% ya pango, sasa wewe ulipoandikishana na mwenye nyumba wako ukampa miezi sita kwa mkupuo, kuna mtu alitaja TRA hapo? (Kiswahili nacho kina utani wake, hela ya mwenye nyumba na hela ya serikali zote zinaitwa kodi, na zote zinadaiwa siku ambayo huna.)

Kwa hiyo ukiweka ngazi ya 35% leo unayemkamata ni daktari bingwa, rubani, meneja wa benki, yaani wale wale ambao hela yao haipiti mikononi mwao kabla haijakatwa. Ni halali kuwaongezea, wanaweza kumudu, lakini tusijidanganye kwamba tumewagusa wenye nchi.

Kenya wametufundisha na kitu kingine. Ile sheria ya 2023 iliyoleta 35% ndiyo hiyohiyo iliyopandisha VAT ya mafuta kutoka 8% mpaka 16% na kuleta makato ya nyumba 1.5% kwa kila mwenye mshahara. Kodi ya tajiri ikawa sukari ya kumezea dawa ya kila mtu. Mwaka uliofuata wakaja na muswada mwingine wenye VAT ya mkate, vijana wakaingia bungeni tarehe 25 Juni 2024, kesho yake Rais Ruto akauondoa. Na Uganda mwenye 40% ndiyo huyohuyo ambaye wabunge wake 2016 walipitisha posho zao zisikatwe kodi, sasa hapo unamwambia nini mfanyakazi?

Mimi naiunga mkono ngazi mpya, ila ianzie juu kweli, milioni 10 kwenda mbele, na ije pamoja na mkono mwepesi chini pamoja na watu wa kukagua hizo gharama za makampuni na hayo mapango, la sivyo ni mapambo. Nikajaribu hesabu ya mwisho: tuisogeze ile 30% ianzie milioni mbili badala ya moja, halafu 35% ianzie milioni 10. Wa milioni 1.2 anaokoa shilingi 10,000 kwa mwezi. Elfu kumi, siyo mchezo lakini siyo ukombozi. Wa milioni mbili anaokoa 50,000. Na bosi wa milioni 40 naye anaokoa hiyohiyo 50,000 kwa sababu na yeye anapita kwenye ngazi za chini kama sisi, ila juu anaongezewa 1,500,000. Mwenye kampuni yenye kiwanja Kigamboni, sifuri, haijapanda wala haijashuka.